Kichocho na saratani ya kibofu: Seli shina zinapochoshwa na ukarabati

KATIKA vijiji vingi vya ukanda wa Pwani, kuanzia mashamba ya mpunga ya Kibiti na Rufiji hadi mabonde ya Unguja na Pemba, mkojo wenye damu kwa mtoto wa kiume haujawahi kuhesabiwa kuwa msiba. Ni kichocho, husema wazee, na kichocho ni ugonjwa wa utotoni. Mtoto akikua kitaondoka chenyewe.

Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Damu huweza kutoweka kadiri mtu anavyokua. Kinachobaki ni mayai ya minyoo yaliyonasa katika ukuta wa kibofu cha mkojo, pamoja na kazi ya ukarabati ambayo kibofu hicho hulazimika kuifanya kwa miaka 20 au 30 inayofuata.

Kazi hiyo hufanywa na aina ya pekee ya seli, ambazo wataalamu wa elimu ya viumbe huziita seli shina. Wakazi wengi wa mijini wamelisikia jina hilo kwa njia nyingine kabisa, kupitia matangazo ya vidonge, krimu na sindano zinazodaiwa kurudisha ujana. Lakini anayetaka kuelewa seli hizi zinahusiana vipi na uzee na saratani hana haja ya kuanzia katika duka la vipodozi. Anaweza kuanzia Mbwera.

Mbwera iko ndani ya delta ya Mto Rufiji, upande wa Wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani, mahali ambapo mto huo hugawanyika katika mikono kadhaa kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, mkabala na Kisiwa cha Mafia. Msitu wa mikoko wa delta hiyo ndio mkubwa kuliko yote nchini. Watu husafiri kwa mitumbwi na boti wakifuata kujaa na kupwa kwa maji, na maisha yao yameegemea zaidi uvuvi na mpunga.

Tofauti ya kazi hizo mbili ina maana kubwa katika habari hii. Konokono anayebeba vijidudu vya kichocho huishi katika maji baridi na hastahimili chumvi. Kwa hiyo mvuvi anayeshinda katika mikondo ya mikoko, ambako bahari huingia na kutoka kila siku, analindwa kwa kiasi fulani na chumvi hiyo. Mkulima wa mpunga hana ulinzi huo. Mpunga nao haupendi chumvi. Huota pale ambapo maji ya mto yameisukuma bahari nyuma, au ambapo mvua imetuama katika madimbwi na mabonde. Panapostawi mpunga, konokono naye hupata makazi, na katikati yao amesimama binadamu, magoti yakiwa ndani ya maji.

Konokono aliyeambukizwa huachia majini vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vikikutana na ngozi ya mtu huipenya ndani ya dakika chache, husafiri katika damu kupitia mapafu na ini, na hatimaye minyoo iliyokomaa, dume na jike wakiwa wamekumbatiana, huweka makazi katika mishipa midogo ya damu inayokizunguka kibofu. Huko huweza kuishi miaka kadhaa. Jike hutaga mayai kila siku, makumi hadi mamia, na kila yai lina mwiba mmoja kwenye ncha yake. Yale yanayofanikiwa hutoboa ukuta wa kibofu na kutoka pamoja na mkojo, na hapo ndipo inapotoka ile damu. Mengine mengi hunasa njiani. Mwili huyazingira kwa seli za kinga, sehemu hiyo huvimba, kovu hujengeka, na baada ya miaka mingi chokaa huweza kuganda ndani ya ukuta wa kibofu.

Daktari Mjerumani Theodor Bilharz ndiye aliyemgundua mnyoo huyo mjini Cairo mwaka 1851, na ndiyo maana ugonjwa huu huitwa pia bilhazia. Miaka 60 baadaye, mwaka 1911, daktari mwingine aliyekuwa akifanya kazi mjini humo, A. R. Ferguson, alieleza uhusiano kati ya kichocho na saratani ya kibofu kwa Wamisri. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lilimtangaza mnyoo huyo mwaka 1994 kuwa ni chanzo cha saratani kwa binadamu, katika daraja moja na moshi wa sigara.

Swali lililobaki wazi kwa muda mrefu lilikuwa la namna. Yai la mnyoo si sumu ya kiwandani, wala si mionzi. Linawezaje kuzaa saratani miaka mingi baada ya kutagwa?

Tunguu la mgomba

Jibu limeanza kupatikana kwa kuzichunguza seli shina. Mwili wa binadamu una matrilioni ya seli, na nyingi kati yake ni seli za kazi: zinabeba hewa, zinafunika ngozi, zinafyonza chakula, kisha zinakufa. Nafasi zake hujazwa na seli shina, ambazo zina uwezo wa aina mbili kwa pamoja. Zinaweza kujigawa na kutoa seli za kazi, na zinaweza pia kujigawa na kutoa seli shina nyingine kama zenyewe. Mkulima wa migomba ataielewa habari hiyo upesi. Mgomba huzaa mkungu mmoja ukakatwa, lakini tunguu lililo chini ya ardhi hubaki likitoa machipukizi mwaka baada ya mwaka.

Ushahidi wa kwanza madhubuti kwamba seli za namna hiyo zipo ulitolewa mwaka 1961 mjini Toronto, Kanada, na James Till na Ernest McCulloch, walioonesha kwamba seli chache za uloto, yaani ule urojorojo wa ndani ya mifupa, ziliweza kujenga upya damu ya panya waliopigwa mionzi. Tangu hapo seli shina zimetambuliwa katika ngozi, utumbo, misuli na sehemu nyingine nyingi za mwili.

Kibofu kilichelewa kuchunguzwa, pengine kwa sababu utando wake wa ndani unaonekana mvivu. Utando wa utumbo mdogo hujibadilisha kwa siku tatu hadi tano, na ngozi kwa takriban mwezi mmoja. Utando wa kibofu, usipoguswa, hukaa miezi mingi bila kubadilika. Ukijeruhiwa lakini, huamka. Mwaka 2011 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, likiongozwa na Philip Beachy, lilieleza kwamba panya aliyeharibiwa kibofu kwa bakteria hujenga utando mpya kwa siku chache, na kwamba kazi hiyo huanzia katika seli za safu ya chini kabisa ya utando. Seli hizo hutoa protini ya ishara inayoziambia tishu jirani kwamba kuna jeraha, nazo tishu hizo hujibu kwa kuzihimiza seli zijigawe.

Protini hiyo ni ya jamii iliyopewa jina la kalunguyeye, kwa kuwa viluwiluwi vya inzi wasio na jeni yake walionekana wamejaa miiba kama mnyama huyo. Wanasayansi nao wana utani wao.

Kwa kibofu kilichopata maambukizi ya bakteria ya mara moja, utaratibu huo ni neema. Kibofu chenye kichocho hali yake ni nyingine. Mayai huendelea kuingia kila siku, jeraha halifungi, na ishara ya kuhimiza ukarabati haizimwi. Seli ambazo maumbile yalizikusudia kupumzika kwa miezi hulazimika kufanya kazi kama zile za utumbo.

Gharama ya kujigawa

Kila seli inapojigawa hunakili vinasaba vyake vyote, herufi bilioni kadhaa za DNA, na unakili huo haukosi makosa. Mengi ya makosa hayo hurekebishwa, na mengi ya yanayobaki hayana madhara. Lakini hujilimbikiza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionesha kwamba seli shina ya damu ya binadamu huongezewa mabadiliko yapatayo 17 ya vinasaba kila mwaka, kuanzia kuzaliwa hadi uzeeni.

Seli ya kazi ikipata kosa, hufa nalo baada ya siku au wiki chache. Seli shina hubaki, na kosa lake hurithiwa na kizazi chake chote. Hapo ndipo uzee na saratani vinapokutana. Seli zinazoufanya mwili udumu kwa miaka 70 au 80 ndizo pekee zinazoishi muda wa kutosha kukusanya idadi ya makosa ambayo saratani inayahitaji.

Mwili unalijua tatizo hilo, kama mtu atavumilia lugha ya namna hiyo, na umejiwekea breki. Moja ni telomea, vifuniko vilivyo kwenye ncha za kromosomu, ambavyo hupungua urefu kila seli inapojigawa. Leonard Hayflick alionesha mwaka 1961 mjini Philadelphia kwamba seli za kawaida za binadamu zinazooteshwa maabara hujigawa mara kadhaa tu kisha husimama. Kufupika kwa telomea ni sehemu kubwa ya sababu. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kazi yao kuhusu vifuniko hivyo na kimeng'enya kinachovirefusha. Seli shina nyingi zina kiasi cha kimeng'enya hicho. Saratani nyingi hujitafutia kwa wingi.

Breki nyingine ni protini zinazoisimamisha seli iliyojeruhiwa. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walieleza habari za panya ambao protini yao moja ya ulinzi, iitwayo p53, ilikuwa ikifanya kazi kupita kiasi. Panya hao walipata saratani kwa nadra, lakini walizeeka mapema: mifupa ililegea, misuli ilisinyaa, majeraha yalichelewa kupona. Mwaka 2006 maabara tatu tofauti zilitoa kwa pamoja matokeo kuhusu protini nyingine, p16, ambayo huongezeka mwilini kadiri umri unavyosonga. Panya walioondolewa p16 walikuwa na seli shina zenye nguvu hata uzeeni, katika damu, ubongo na kongosho. Lakini panya wasio na p16 hupata saratani kwa urahisi zaidi kuliko wenzao.

Matokeo hayo hayapati nafasi inayostahili katika mazungumzo ya mijini kuhusu kurudisha ujana. Sehemu ya kile kinachoitwa uzee ni breki iliyokanyagwa. Nywele zinakuwa nyembamba, kidonda kinachelewa kufunga, misuli hairudi haraka baada ya ugonjwa, kwa sababu seli shina zimepunguzwa kasi, na zimepunguzwa kasi ili zisije zikageuka. Anayeahidi kuiachia breki hiyo bila kutaja upande wa pili wa habari ameficha nusu ya biashara yake.

Breki nazo hazifungi kikamilifu. Mwaka 2014 tafiti tatu za vinasaba vya maelfu ya watu zilionesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya kumi waliozidi umri wa miaka 70 ana sehemu kubwa ya damu inayotokana na seli shina moja iliyopata badiliko la kuishindisha nyingine. Wengi wao si wagonjwa, ila hatari yao ya kupata saratani ya damu, na hata maradhi ya moyo, ni kubwa kuliko ya wenzao. Mwaka 2020 watafiti wa Taasisi ya Wellcome Sanger ya Uingereza walikuta hali inayofanana katika vibofu vya watu wasio na saratani: utando unaoonekana safi kwa macho ulikuwa na viraka vingi vya seli zenye mabadiliko ya vinasaba yale yale yanayopatikana katika uvimbe.

Kwa mtu wa kawaida, basi, kibofu huzeeka polepole na saratani yake, ikija, huja uzeeni. Katika nchi tajiri wagonjwa wengi wa saratani hiyo ni wazee waliozidi umri wa miaka 65, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake mara tatu au zaidi, na sigara ndiyo kisababishi kikuu. Kichocho hubadili hesabu hiyo yote.

Wanawake na wenye umri mdogo

Ushahidi wa hapa nchini uko Mwanza. Katika Hospitali ya Bugando, inayopokea wagonjwa kutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa ambako kichocho cha mkojo kipo kama ilivyo Pwani, madaktari walipitia kumbukumbu za wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Wanawake walikuwa 95 na wanaume 90. Wastani wa umri ulikuwa miaka 54. Wagonjwa 83 walikutwa na mayai ya kichocho katika vipande vya nyama vilivyopimwa, na mayai hayo yaliandamana zaidi na wagonjwa walio chini ya umri wa miaka 50.

Aina ya saratani nayo ilikuwa tofauti. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa na saratani ya seli bapa, ambayo ni nadra katika nchi zisizo na kichocho. Utando wa kibofu ulioumizwa kwa miaka mingi hubadilika, seli zake za juu huanza kufanana na za ngozi, kana kwamba seli shina zilizochoka zimeamua kutengeneza kifuniko kigumu badala ya kile chepesi kinachonyumbuka. Mabadiliko hayo yakiendelea ndipo saratani ya aina hiyo huzuka.

Idadi ya wanawake haipaswi kupita bila kutazamwa. Katika jamii nyingi za wakulima wa mpunga, mwanamke ndiye anayepanda, anayepalilia, anayefua na kuosha vyombo penye maji. Mwili wake hukutana na maji hayo mara nyingi zaidi, kwa miaka mingi zaidi, na hauachi kukutana nayo anapomaliza shule.

Mwaka 2014 kundi lile lile la Beachy lilirudi na jaribio la pili. Seli za safu ya chini ya kibofu cha panya ziliwekewa alama ya kudumu, kisha panya hao wakanyweshwa maji yenye kemikali ya jamii ya nitrosamini kwa miezi kadhaa. Uvimbe ulipojitokeza, ulikuwa na alama hiyo: saratani ilikuwa imezaliwa na seli zile zile zinazokarabati. Nitrosamini si kemikali ya maabara pekee. Kibofu chenye kichocho hupata kwa urahisi maambukizi ya bakteria, na baadhi ya bakteria hao huweza kuzitengeneza nitrosamini ndani ya mkojo wenyewe. Seli shina ya mkulima wa mpunga, hivyo, hupata mambo mawili kwa pamoja: msukumo wa kujigawa bila kupumzika, na sumu inayoharibu vinasaba wakati ikijigawa.

Mwaka 2015 Cristian Tomasetti na Bert Vogelstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walizusha mjadala mkubwa walipoandika kwamba tofauti za saratani kati ya kiungo na kiungo hufuata kwa karibu idadi ya mara ambazo seli shina za kiungo hicho hujigawa maishani. Vyombo vya habari vikatafsiri kwamba saratani nyingi ni bahati mbaya tu. IARC ilipinga hadharani, ikihofia watu kukata tamaa ya kinga. Kichocho kinaonesha kwamba pande zote mbili zina la kusema. Ndiyo, hatari hufuata idadi ya migawanyiko. Lakini idadi hiyo haikuandikwa mbinguni. Mnyoo huiongeza, na dawa ya kumuua mnyoo huweza kuirudisha chini.

Misri ndiyo iliyotoa kipimo cha jambo hilo. Baada ya miongo ya kampeni dhidi ya kichocho, takwimu za Taasisi ya Taifa ya Saratani mjini Cairo zilionesha saratani ya seli bapa ikishuka kutoka takriban robo tatu ya saratani zote za kibofu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi chini ya theluthi moja katikati ya miaka ya 2000, huku aina inayohusishwa zaidi na sigara ikipanda na kushika nafasi yake.

Uvimbe unaojitibu

Kwa Mbwera, tiba ya saratani iko mbali. Kuna safari ya majini hadi nchi kavu, kisha barabara ya zaidi ya kilomita 100 hadi Dar es Salaam, ziliko Hospitali ya Taifa Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mgonjwa anayefika akiwa na uvimbe uliokwisha kupenya misuli ya kibofu mara nyingi huhitaji kuondolewa kibofu chote na kutengenezewa njia nyingine ya mkojo kwa kutumia sehemu ya utumbo. Ni upasuaji mkubwa, na maisha baada yake hayafanani tena na ya awali. Wasiofika hospitali hufia nyumbani, na vifo vyao huingia kwa shida katika hesabu. Mfumo wa kufuatilia vizazi na vifo ulioanzishwa katika sehemu ya Wilaya ya Rufiji mwaka 1998, wakati Kibiti ikiwa bado ndani ya wilaya hiyo, ulilazimika kuwahoji ndugu wa marehemu ili kukisia chanzo cha kifo.

Hata dawa zinapopatikana, seli shina huleta ugumu wa pili. Mwaka 1997 Dominique Bonnet na John Dick, mjini Toronto, walionesha kwamba katika aina moja ya saratani ya damu ni seli chache tu zenye uwezo wa kuianzisha upya saratani nzima, nazo hufanana na seli shina za kawaida. Mwaka 2009 seli za namna hiyo ziliripotiwa katika saratani ya kibofu. Na mwaka 2015 watafiti wa Chuo cha Tiba cha Baylor, Texas, wakitumia panya, walieleza jambo linalostahili kusomwa mara mbili: seli za saratani zinapouawa na dawa hutoa kemikali ile ile ambayo tishu iliyojeruhiwa hutoa, na seli shina za saratani, zikiisikia ishara hiyo, huamka na kuujenga upya uvimbe katika mapumziko kati ya dozi moja na nyingine. Uvimbe hujitibu kama kidonda. Walipoizuia kemikali hiyo kwa dawa ya kawaida ya maumivu ya viungo, uvimbe ulizidi kuathiriwa na tiba. Hayo ni matokeo ya panya, na hayajawa tiba ya kawaida kwa binadamu.

Upo upande ambao seli shina zimekuwa tiba ya kweli, na Tanzania imekwisha kuufikia. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, na Muhimbili nayo imetoa huduma ya uloto kwa wagonjwa wa saratani ya damu. Hiyo ni tiba yenye ushahidi wa zaidi ya nusu karne, inayofanyika wodini chini ya madaktari bingwa, kwa maradhi yanayojulikana kwa majina. Vidonge vinavyouzwa mkono kwa mkono kwa jina la seli shina havina uhusiano nayo. Seli hai haikai ndani ya kidonge kikavu, na hata ingekaa, tumbo lingeimeng'enya kama kipande cha nyama.

Dawa inayozipumzisha seli shina za kibofu ni prazikwanteli. Hutolewa kwa dozi moja kulingana na uzito, na imekuwa ikigawiwa bure shuleni kupitia mpango wa taifa wa magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele. Huua minyoo iliyokomaa. Haiondoi mayai yaliyokwisha kunasa, haiui minyoo michanga, wala haimkingi mtu asiambukizwe tena atakaporudi shambani kesho yake, na ndiyo sababu hurudiwa. Unguja na Pemba, ambako kuanzia mwaka 2011 ugawaji wa dawa ulifanywa pamoja na majaribio ya kuangamiza konokono na elimu ya tabia, maambukizi yalishuka kufikia kiwango cha chini sana katika maeneo mengi, ingawa hayakutoweka.

Ugawaji wa shuleni una pengo ambalo sayansi ya seli shina inalifanya lionekane wazi zaidi. Ukarabati unaoandaa saratani huendelea utu uzimani, kwa mtu ambaye hayupo tena darasani. Vipimo vya kupata dozi, ile fimbo ya urefu anayosimamishwa mtoto, viliwekwa shuleni, wakati mama yake yuko mpungani. Februari 2022 WHO ilibadili mwongozo wake na kupendekeza kwamba katika jamii ambako maambukizi yamefikia asilimia 10 au zaidi, dawa itolewe kila mwaka kwa kila mtu kuanzia umri wa miaka miwili, wakiwamo watu wazima, wajawazito baada ya miezi mitatu ya mwanzo, na wanaonyonyesha.

Kwa aliyekulia penye kichocho na sasa amevuka umri wa miaka 40, awe bado yuko Mbwera au amehamia Mbagala, damu inayorudi katika mkojo baada ya kutoweka kwa miaka mingi haipaswi kuitwa kichocho cha utotoni kilichorejea. Hatua ya kwanza ni kipimo cha mkojo, ambacho zahanati inaweza kukifanya. Hatua ya pili, ya kuingiza kamera ndogo kibofuni na kutoa kipande cha nyama kwa ajili ya uchunguzi, hufanyika katika hospitali kubwa, na kwa mkazi wa delta safari ya kuifuata huanza kwa kusubiri maji yajae.